Kipande Namba Kumi na Saba

Kilifika Mlimani ndani ya kasha la risasi,
muhuri juu ya muhuri, saini juu ya saini.
Dokta Kokusima akanipa glovu, jozi mbili:
"Chambuso, kimepoa. Lakini usikizoee."

Kauri ya kijivu, urefu wa kidole cha mtoto.
Miezi kumi na minane kiliishi kinuni, ng'ambo,
kikipigwa na nyutroni: vipunje visivyo na chaji,
si chanya, si hasi, havina upande,
kwa hiyo havizuiwi mlangoni.
Huingia bila hodi hadi chumba cha ndani.

Umewaona watoto wa Sinza wakicheza gololi?
Inarushwa moja, zinatawanyika kumi.
Ndivyo atomu zilivyofanyiana humo.
Huyu kafurushwa, kajibanza katikati ya wenzake;
alipotoka pamebaki wazi,
kama kiti cha marehemu ambacho hakuna anayekikalia
na hakuna anayekiondoa.

Kwa macho, hakina ufa.
Maikromita ndiyo iliyosema: kimevimba.
Unene wa nywele mbili tu,
lakini kauri haikuumbwa kuvimba.

Nikanunua barafu kwa muuza juisi ya miwa, Mwenge.
Ncha moja kwenye maji ya moto, ncha ya pili juu ya barafu.
Kile kipya, pacha ambaye hakusafiri,
kilizama kama kisu kilichotoka jikoni.
Hiki chetu kikatulia.
Joto lilikuwa humo ndani likijikwaa
kwenye kila nafasi tupu, kwa kila aliyejibanza,
likipotea njia, likiuliza tena.
Barafu ikasubiri. Nami nikasubiri.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji.
Hawakutuachia neno
kuhusu udongo uliokwisha kuchomwa.

Dokta analo lake: kirudishe motoni.
Nyuzi mia mbili, kitoe, kipoe, kipime.
Mia mbili hamsini, kipime.
Mia tatu, vilevile, kama mtu aliyenuna.
Saa tisa usiku umeme ukakatika, Changanyikeni yote kiza;
tukakaa na mbu, tukisikiliza tanuru likipoa,
tik, tik, tik,
na kesho yake tukaanza upya.
Mia tatu na arobaini,
kikaanza kusinyaa.

"Umeona?" akasema, karibu kunong'ona.
"Huko kinuni kiliishi kwenye mia tatu na kitu.
Hakuna aliyekuwa na kipimajoto mle ndani,
kipande chenyewe ndicho kilichotunza namba.
Hakiachii
mpaka kikutane na moto unaozidi ule kilioishi nao."

Namba nikaiandika daftarini, kwa wino, na tarehe.

Sikuandika kuhusu Nambua, dada yangu,
aliyerudi kutoka Maskati baada ya miaka minne ya kazi za ndani.
Majirani wa Tandale walimkagua, wakasema
hana kovu, kanenepa kidogo, ni yule yule.
Jioni huosha vyombo kwa maji yanayotutoa sisi machozi,
mikono imezama hadi viwiko,
wala hashtuki.
Mama humletea maneno ya vuguvugu.
Mimi pia.

Zimebaki mia nne, mia tano, mia sita.
Hakijarudi chote.
Dokta anasema vipo ambavyo havirudi vyote,
na hiyo nayo ni data.