Gramu Mia Nne

Asubuhi nilimtetea Adriko, kijana wa Mvara,
shati la kuazima, kola imemmeza shingo.
Hati ya mashtaka: bangi, gramu elfu moja na mia mbili.
Koplo akaliweka furushi juu ya mizani,
mshale ukapanda, ukasitasita, ukatulia
kwenye mia nane.
Nikauliza, kwa ile sauti ya upole niliyojifunza Kampala,
"Afande, gramu mia nne zimekwenda wapi?"
Akasema panya.
Stoo ya kituo ina panya.
Nikauliza kama panya hao wameshakamatwa.
Hata hakimu alificha meno nyuma ya kalamu.
Kabla ya saa tano Adriko alikuwa barabarani,
anakimbilia upande wa mto Enyau bila kuniaga,
nami nikajiona mtu mwema.

Kesi ya pili.
Onzima, fundi baiskeli, mtaratibu,
aliyenisalimia kwa mikono miwili.
Mkewe akapanda kutoa ushahidi, mkono kwenye plasta,
na plasta watoto wameichora kwa kalamu ya wino:
nyota, kuku, herufi A iliyolala chali.
Jina lake Ayikoru. Kwao maana yake ni furaha.
Hilo halikuingia kwenye kumbukumbu.

Kazi yangu ilikuwa tarehe.
Hati yasema kumi na moja.
Fomu ya daktari yasema tisa.
Mkono uliovunjika siku mbili kabla ya kuvunjwa!
Usiku kucha niliunoa mwanya huo
kama mtu anoaye kisu cha Idi.
"Mama, mkono huu ulivunjika lini?"

Mkalimani akaligeuza swali Kilugbara.
Ayikoru akamtazama, akautazama mkono,
akajibu kwa ufupi.
Mkalimani akakohoa.
"Mheshimiwa, shahidi anauliza: mara ipi?"

Feni ilizunguka. Nje mtu alikuwa anapiga honi.
Nilifundishwa nisiulize swali nisilojua jibu lake.
Lakini miguu ilisimama kabla yangu,
na mdomo, fasaha, ukajisemea:
"Naomba jibu hilo lifutwe.
Mteja wangu anashtakiwa kwa mkono mmoja, siku moja."
Sheria ilikuwa upande wangu.
Karani akaukata mstari
kwa rula.

Tarehe hazikupatana. Shaka ni mali ya mshtakiwa.
Saa nane Onzima alikuwa nje anajaza upepo gurudumu la nyuma,
akaniambia Mungu akubariki, na kwamba atanitengenezea
baiskeli yoyote, bure, maisha yangu yote.
Sina baiskeli.

Ayikoru alikuwa langoni, mkono mzima umeshika
bakuli la ugali wa muhogo aliomletea,
maana hakujua kama atalala ndani au nyumbani.
Tangu saa mbili alikuwa kwenye benchi la nyuma.
"Ile ya panya," akasema, "ilinichekesha."
Kwa Kiswahili. Kiswahili safi kabisa, cha sokoni.
"Yule mtoto ulimtetea vizuri.
Nikasema moyoni, huyu mama ana jicho,
kikipungua kitu anauliza kilikokwenda.
Nikadhani na mimi utaniuliza."

Onzima akapiga kengele ya baiskeli.
Akapanda nyuma, upande upande,
bakuli mapajani,
plasta ameiinua kidogo ili isigonge.