Mkazo

Ghorofa ya kwanza, Ngara, juu ya duka la vioo,
Bi Nafuna anagonga meza kwa kifuniko cha kalamu:
pàr-la-no. Wanasema.
Sisi kumi na mmoja twajibu: par-là-no.
Anafumba macho.
"Mbona nyote mwakimbilia silabi ya pili kutoka mwisho
kana kwamba kuna mtu anagawa chai pale?"

Ndipo tulipozaliwa, Mwalimu.
Lugha yetu hutua mzigo hapo siku zote,
kasoro neno moja kaidi:
barabàra ni ya kupita magari,
baràbara ni kazi iliyokaa sawa.
Mutisya, mpishi wa Gigiri, alipewa càpitano, yanatokea,
akatusomea kapteni.
Tulicheka hadi fundi wa vioo akagonga dari lake kwa ufagio.

Kukata nako kuna mila.
Naandika a-nda-re,
n mgongoni mwa d, kama ilivyo katika kwe-nda.
Anafuta. An-da-re.
N hubaki nyuma ikafunga mlango.
Neno la safari, na mmoja haendi.

Mama angelipenda darasa hili.
Bi Zamzam wa Pumwani, mshona kanzu,
alihesabu mizani huku pini zimembana midomoni:
Kitambaa nakipinda, sindano naitafuta.
Nane, nane.
Nikizidisha moja, pini moja ilichomolewa
ikanielekea mimi.

Leo ubaoni: parlo. Nasema.
Parlò. Alisema.
Silabi mbili zilezile.
Kinachomtoa mtu katika sasa
ni mguu uliokanyaga mwisho.
Kwetu habari huja mapema,
li imesimama kizingitini,
umeshajifunga kanga kabla ya kuambiwa alifanya nini.
Huku unangoja mpaka neno liishe.

"Jaribu. Yeye, zamani."
Parlo.
"Hiyo ni mimi. Yeye."
Parlo.
Anadhani sijaelewa. Ananiandikia mazoezi ya ukurasa mzima.
Brescia wananingoja Machi, nyumba ya wazee, vitanda arobaini;
huko, nadhani, kitenzi hiki nitakihitaji kila juma.

Nashuka. Fundi anapima kioo cha kabati,
anamuuliza kijana wake, Iko baràbara?
Baràbara.
Nami napita kati ya vioo vilivyoegemezwa ukutani,
naona mdomo wangu, saba, minane,
yote ikiviringa ile o ya mwisho,
na sauti bado haijatoka.