Kisima Namba Saba

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi
nafungua makufuli kumi na mawili.
Si ya milango. Ni ya mabomba yaliyochomoza ardhini
kuuzunguka mgodi wa zamani, hapa Kwemkuyu, Handeni;
kila bomba na kofia yake ya chuma, na namba nyeupe
niliyoipaka mwenyewe, mkono ukinitetemeka kwenye nane.

Nashusha kamba yenye alama mpaka ionje maji.
Naandika: mita kumi na nne na nusu.
Nachota, namwaga; nachota, namwaga.
Maji yaliyolala bombani husema uongo,
mpaka ndoo ya tatu ndipo ardhi inaanza kusema yenyewe.

Dhahabu iliondoka ndani ya visanduku vidogo,
ukabaki mlima wa vumbi la kijivu.
Mvua huingia mlimani ikiwa mvua,
hutoka chini yake ikiwa siki yenye rangi ya chai kavu,
ikatambaa gizani kuja tulipo,
hatua thelathini kwa mwaka. Haina haraka.
Inajua hatuhami.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi nalipwa kuyazoa.
Pampu mbili zinavuta usiku na mchana
ziyageuze uso kabla hayajafika bondeni;
kisha yanapita mtaroni, juu ya mawe ya chokaa
yaliyoletwa kwa lori kutoka Amboni,
mawe yaliyokuwa magamba ya kombe na chaza
kabla hajazaliwa wa kuipa bahari jina.
Yanatoa povu kidogo, kama soda. Yanatulia.
Ukali unapungua, kutu inajitenga, inakaa chini kama machicha.
Mwisho ni matete. Matete hayaulizi,
yanakunywa.

Mhandisi Shekalaghe alipokuja kutoka Tanga mjini
watu walimuuliza: mpaka lini?
Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema,
"Mpaka mlima uchoke."
Hakucheka mtu.

Mwezi wa nne, namba saba ikanishangaza.
Karatasi ya kupimia haikugeuka nyekundu.
Maji meupe, laini, yananukia bati,
na ndoo ya tatu bado ni yale yale.
Nilitaka kupiga kigelegele. Namba saba iko nyuma ya nyumba
ya Bi Mnyamisi, hatua ishirini
kutoka kisima chake tulichokiziba kwa zege
mwaka ule mbuzi wake wawili walipokufa.
Kisha nikaliona kufuli: mkwaruzo mpya.
Na kwenye udongo mbichi, mviringo wa kitako cha ndoo.

Hakukataa.
Kufuli lilifunguka kwa pini ya ushungi, akasema, tena bila kazi.
"Miaka sita mnalichota hilo bomba, mnalichota,
hakuna hata mmoja aliyelipa kitu.
Mgonjwa hanyweshwi?
Nimelipa ya pipa langu, ya mvua.
Nilikuwa nakunywa mimi."

Sikumwambia ameniharibia mwezi mzima.
Sikumwambia zebaki haioshwi kwa huruma.
Nilichota, nikamwaga, ndoo ishirini, ishirini na tano,
wema wake wote ukaishia kwenye magugu,
mpaka maji yakarudi manjano, makali, ya kweli.
Yeye kasimama pembeni, anayatazama yanavyorudi,
kama mtu aliyeambiwa homa imeshuka
kisha akagusa paji la uso.

"Basi," akasema. Akaokota ndoo yake, akaingia ndani.

Kwenye daftari niliandika:
Namba saba. Tatu nukta tisa. Kufuli libadilishwe.
Jina sikuliandika.
Nikafunga daftari, nikalifungua tena,
nikaongeza pembeni, kwa penseli, kwa herufi ndogo,
neno ambalo maabara hawana chupa yake:
limenyweshwa.