Gramu Sitini

Jumanne. Mvua ya Mirecourt haina haraka.
Mteja ameleta upinde wa fidla ndani ya taulo,
kama mtu aletaye ndege aliyevunjika bawa.
"Badilisha nywele tu," amesema. "Usiguse kingine."

Nywele za mkia wa farasi, mia na hamsini hivi,
zimekuwa njano kama meno ya mvutaji.
Nazikata. Kijiti kinapumua.

Muhuri ni wa bwana mwenye karakana,
herufi pana, za kujigamba.
Lakini kichwa hiki hakukichonga bwana.
Namjua aliyekichonga: kisu chake
huteleza kushoto pale mwishoni,
kila mara, kama mtu anayemeza neno.
Katika daftari la mishahara jina lake limo
mara kumi na moja, kisha halimo tena:
Ildefonse Mougenel.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.
Ildefonse alikunja uliokwisha kukauka,
mti mwekundu wa Brazili, ulioletwa melini
uchemshwe, utie nguo za watu rangi,
ukanusurika chungu.
Aliupitisha juu ya makaa, akaubana gotini,
akahesabu kimya.
Ukizidisha pumzi moja, unaungua.
Ukipunguza, kesho umenyooka kama jana;
mti hausahau, ni kama mdai.

Kisigino cha mpingo nimekichomoa.
Chini ya kabari: vumbi,
na karatasi iliyokunjwa, upana wa ukucha.
Penseli. Mwandiko wa mtu aliyejifunza ukubwani.

*Gramu sitini. Binti. Alfajiri.*

Nimekaa chini.
Kipi kilipimwa kwanza?
Nani alikuja kugonga dirisha la karakana,
naye akatoka mbio bila kofia,
vumbi jekundu kwenye kope na viganja,
hata mkunga akamuuliza,
"Na wewe unavuja damu wapi?"

Miaka mia na thelathini wameushika hapa hapa,
gumba juu ya binti wa watu,
wakapigiwa makofi, wakainama.

Nimeikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile.
Nimechonga kabari mpya, nyembamba kidogo,
nikamfungia.

Saa kumi mteja amerudi. Ameupima hewani.
"Mwepesi," amesema, kama anayenituhumu.
Nimemwandikia risiti:
nywele, kabari, ulimbo.