Kijinga

Nilimtuma Gwakisa jikoni kila jioni:
"Niwashie hii, baridi ya Tukuyu haina adabu."
Alirudi nayo ina moto wa kijinga,
nami sikuuliza sigara inashikaje moto
asipovuta mtu.

Darasa la sita. Hela ya daftari
imenunua fegi moja kwa Ambindwile,
na jana moshi wa kuni haukunidanganya:
kinywa cha mtoto kilinuka baba.

Sasa niko benchi la zahanati.
Sista Tusekile ana rejista, kiti kimoja,
kabati lenye kufuli, lisilo na dawa.
"Fungu limeshatoka Dodoma," anasema,
"bado linapanda mlima."

Miaka kumi na tisa kila pakiti nimeilipia kodi.
Hela ile haikurudi hata kama kidonge?

Ananikatia tangawizi: "Tafuna ukibanwa."
Ananiandika, namba kumi na nne,
halafu kalamu inabaki juu ya mstari wa chini.

Mlangoni mvua, sare imelowa,
mkono mmoja mfukoni
kama ninavyosimama mimi.
"Ingia," namwambia. "Kiti ni kimoja.
Kaa wewe."