Uzito wa Bakuli

Saa nane usiku, Durham. Mvua ya Novemba
hainyeshi, inaning'inia tu kwenye taa za Gilesgate,
nami na grafu yangu:
kizigeu kimebanduka kwenye sifuri.
Kidogo tu. Kama mtoto anayechungulia mlangoni
aone kama wakubwa wamelala.

Nimekwisha kumwandikia Hester: "Kuna kitu."
Sijatuma.

Kwa sababu namba hii haikunifikia mbichi.
Waliohesabu kwaki nzito zikizaliwa jozi jozi
walitoa kwanza usuli, makapi ya migongano mingine,
na ili wajue watoe kiasi gani
waliiuliza nadharia ya zamani,
ile ile ninayoishuku hapa.

Jumamosi sokoni, Alf alinipimia matufaha
katika bakuli la bati,
akatoa uzito wa bakuli, kwa mazoea, kichwani:
bakuli la wiki iliyopita, la plastiki.
Nikalipa. Nikalipia bati nikidhani ni utamu.

Ikiwa kweli iko chembe huko juu,
nzito, isiyofikiwa na mashine yetu,
inayozisukuma namba zangu kwa mbali,
basi na usuli itausukuma. Haichagui chumba.
Siwezi kuikaribisha kwenye ishara,
nikaifungia nje kwenye makapi,
kisha nikajiita mpimaji.
Mkuki kwa nguruwe.

Na liko jingine, nililolifunika kwa karatasi:
kipeo cha pili nimekihesabu,
wenziwe wa daraja lile lile nimewaacha mvuani
kwa kuwa sikuwajua majina.
Na nguvu yote ya grafu inatoka
kwenye matukio matatu, manne, ya nishati kali,
pale pale nadharia yangu iliponiambia:
kuanzia hapa sina kauli.

Kwetu mizani ni ya duka na ni ya shairi.
Mstari wa kwanza ukibeba kumi na sita,
wa pili huuongezi silabi
eti neno limekupendeza.

Nimerudia. Ishara na usuli, vyote huru pamoja;
matukio ya juu ya mpaka nimeyaweka kando.
Saa kumi na moja na robo
ukingo wa kosa umetanuka, umeimeza sifuri
kama paka aliyemeza na kurudi kulala.

Nafuta. Naandika: "Hakuna kitu, Hester.
Ila sasa najua hakuna kiasi gani."

Natuma. Tufaha la mwisho liko mezani.
Nalila lote, mpaka kikonyo.