Gamba

Kibuye, kibanda cha nne ukitoka kwa wauza omena,
mimi na cherehani yangu ya miguu
tunawavisha wanaume wanaotisha mji.
Usicheke. Nembo haijishoni.

Chatu huja Jumatatu, soko likipiga miayo.
Pikipiki kumi na moja za injini nene,
si hizi za kubebea abiria na magunia ya dengu;
zinanguruma mpaka vifungo vinacheza koponi.
Vizibao vyao vya jinzi hunitupia bila salamu:
kichwa juu, kiwiliwili katikati,
jina la Kisumu chini kwa uzi wa dhahabu.
Ogwang', mkubwa wao, huhesabu mishono kwa ukucha.
Mshono mmoja ukilegea, husema,
ni kama mtu mmoja amekimbia.
Nami humjibu, mzee, uzi ni pamba, haujui vita.

Halafu huja Magamba, kwa miguu,
au watatu juu ya kijipikipiki cha kuazima.
Hao ndio vijana wa mkono.
Huosha pikipiki za Chatu kule ufuoni,
hulinda helmeti nje ya baa hadi alfajiri,
hupeleka mkoba Ahero, huchukua mkoba Awasi,
na mkoba hauulizwi una nini.
Nembo yao ni kiasi cha kiganja,
kifuani kushoto, haina kichwa.
Kichwa hupewi. Kichwa hungojewa.

Onditi wa Nyamasaria alingoja miaka miwili.
Sauti ya kukwaruza, adabu ya mtoto wa mchungaji,
akiingia anainama asiligonge bati.
Siku moja akamwaga sarafu mezani, za ishirini ishirini.
"Nishonee kichwa kabisa, mama. Siku yangu imekaribia."
Nikashona. Jicho nikalitia uzi mwekundu
uliobaki kwenye sare za kwaya ya Mamboleo.
Nikakificha ndani ya kopo la vifungo.

Nilitaka kumwambia kitu siku ile.
Kwamba nimekulia Kano, kwenye mashamba ya mpunga,
na nimemwona chatu akijisugua kwenye jiwe
akatoka mpya, anang'aa, akaenda zake,
na kile alichokiacha kwenye nyasi
kilikuwa na umbo lake lote,
hata pale pa macho.
Lakini wateja walikuwa foleni, na ada za shule hazingoji.
Nikasema tu, angalia mvua.

Awasi, usiku. Polisi wametandaza miiba barabarani.
Wasimuliaji wanasema zile injini nene
ziligeuka kama samaki, zote kwa pamoja,
na kijipikipiki cha kuazima kikakataa kuwaka.
Mkoba ulikuwa mapajani mwake.
Sasa yuko Kodiaga, anasubiri tarehe, kisha tarehe nyingine.

Ogwang' hakwenda kumwona. Alikuja kwangu,
na Atoti, dada wa kijana, nyuma yake,
kizibao amekikunja kwapani.
"Fumua. Nembo ni mali ya klabu."
Wembe wangu ni wa kazi, haubagui.
Nikafumua, mshono kwa mshono, yeye akihesabu,
na chini ya gamba kitambaa kilikuwa buluu
ileile ya siku kilipotoka dukani;
jua halikukifikia, wala vumbi la Nyamasaria,
kiganja kizima cha mtu ambaye hajakwenda popote.

Nilimtoza kufumua bei ya kushona. Akalipa.

Atoti hukivaa sasa akipanga vitunguu,
na wanunuzi humwuliza lile doa safi ni la nini.
Kichwa kingali ndani ya kopo.
Nikitafuta kifungo cha shati la shule
hunitazama kwa jicho lake la kwaya,
nami hukisukuma kando, natafuta kifungo.